Kuondoa si Kukinga: Historia ya Zana ya Kuondoa Programu Hasidi na Mafunzo Yake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mfasiri wa maandishi ya kitaalamu, moja lililo gumu ni lile la neno la kigeni lililobeba dhana mbili au tatu kwa pamoja. Kiswahili kikilipokea neno hilo kwa neno moja vilevile, hupokea pamoja nalo mkanganyo uliomo ndani yake. Makala haya yanakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa kufuata historia ya kitu kimoja tu. Kitu chenyewe ni zana ya kuondoa programu hasidi ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani huitoa kwa kompyuta zinazotumia mfumo wa Windows. Tangu Januari 2005 zana hiyo imekuwa ikijitokeza tena na tena katika orodha ya masasisho, kwa jina lilelile lakini kwa namba ya toleo iliyo tofauti.

Kurudi huko kumezua maswali maofisini na mashuleni. Wapo wanaouliza kama toleo la mwezi uliopita lilishindwa kazi, hata ikabidi lingine liletwe. Wapo wanaodhani kwamba kompyuta yao imekwisha kupata ugonjwa, ndiyo maana dawa inaletwa. Na wapo, nao ndio walio katika hatari kubwa zaidi, wanaoamini kwamba maadamu zana hiyo imo ndani ya mashine, basi mashine ina kinga ya kutosha. Itaonekana hapa kwamba dhana hizi zote tatu ni potofu, na kwamba sehemu ya upotofu huo inatokana na maneno tunayoyatumia. Historia ya zana yenyewe ndiyo itakayotuonyesha ni maneno gani yanayofaa.

Mnyoo na kirusi

Hapana budi tuanze na majina ya vile vinavyoondolewa. Mwaka 1971 mhandisi Bob Thomas, wa kampuni ya BBN ya Marekani, aliandika programu ya majaribio iliyoitwa Creeper. Programu hiyo iliweza kutoka katika kompyuta moja na kuingia katika nyingine kwa kupitia mtandao wa ARPANET, ambao ndio uliotangulia intaneti ya leo. Haikuwa na nia ya kuharibu chochote. Ilitoa ujumbe mfupi tu na kuendelea na safari yake. Baadaye Ray Tomlinson, mtumishi wa kampuni hiyohiyo, aliandika programu ya pili iliyoitwa Reaper, ambayo kazi yake ilikuwa kusafiri katika mtandao uleule, kuitafuta Creeper na kuifuta. Kwa hiyo wazo la programu ya kuondoa programu nyingine lilizaliwa karibu pamoja na tatizo lenyewe.

Katika mwaka 1975 mwandishi wa riwaya wa Uingereza, John Brunner, alibuni katika kitabu chake The Shockwave Rider programu inayojisambaza ndani ya mtandao, naye akaipa jina la tegu, yaani yule mnyoo mrefu bapa aishiye tumboni. Watafiti John Shoch na Jon Hupp wa kituo cha utafiti cha Xerox, huko California, walilichukua jina hilo kutoka katika riwaya na kulifupisha kuwa mnyoo walipochapisha mwaka 1982 taarifa ya majaribio yao kuhusu programu za namna hiyo. Jambo hili lina maana kwa mfasiri wa Kiswahili. Neno la Kiingereza lililotumika laweza kumaanisha nyungunyungu wa shambani, funza wa nyama au mnyoo wa tumboni, na mtu asiyejua historia angeweza kuchagua lolote kati ya hayo. Chimbuko la jina linatuamulia: aliyekusudiwa ni kimelea aishiye ndani ya mwili wa mwingine. Neno mnyoo, basi, ndilo sahihi.

Kuhusu kirusi, jina hilo lilianza kutumika katika utafiti wa Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1983 alifanya jaribio la programu inayojinakili kwa kujipandikiza ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake, Leonard Adleman, akapendekeza iitwe kwa jina la vijidudu vinavyosababisha magonjwa. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa njia yake chenyewe. Silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi cha ngeli ya ki-vi, na kutokana na virusi ukapatikana umoja, yaani kirusi, kama ilivyokuwa zamani kwa kitabu na vitabu, neno ambalo katika Kiarabu asili yake halikuwa na kiambishi ki-. Ni kweli kwamba umoja huo unafanana na jina la lugha ya watu wa Urusi, lakini muktadha huondoa utata.

Tofauti ya msingi kati ya viwili hivi yapasa ihifadhiwe katika tafsiri. Kirusi huhitaji programu nyingine ya kukibeba. Mnyoo husafiri peke yake kwa kupitia mtandao. Wengi huita kila kitu kirusi, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Lakini historia ya zana tunayoizungumzia haieleweki bila ya mnyoo, kwa kuwa ni minyoo iliyosababisha izaliwe.

Kuzaliwa kwa zana

Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya uliogunduliwa katika Windows. Tarehe 11 Agosti mwaka huohuo, yaani siku 26 baadaye, mnyoo ulioitwa Blaster ulianza kuenea duniani kwa kupitia mwanya uleule. Kompyuta zilizoshambuliwa zilionyesha onyo kwamba zingezimika baada ya sekunde 60, zikazimika na kuwaka tena bila ya mtumiaji kuweza kuzizuia. Zaidi ya hayo, mnyoo uliandikwa ili kuanzia tarehe 16 Agosti uishambulie anwani ya Microsoft iliyohusika na masasisho. Kiraka kilikuwapo, lakini hakikuwa kimewafikia watu wengi. Na waliokisakinisha baada ya kuambukizwa waliuziba mwanya huku adui akiwa tayari yumo ndani ya nyumba.

Hapo ndipo upungufu ulipodhihirika. Kiraka huziba tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Mwezi Oktoba 2003 Microsoft ilianza utaratibu wa kutoa viraka vyake kwa pamoja katika Jumanne ya pili ya kila mwezi, ili mafundi wa maofisi wajue siku ya kujiandaa. Mwaka 2004 ikaanza kutoa programu ndogo za kuondoa, kila moja kwa ajili ya adui wake: moja ya Blaster, nyingine ya Mydoom, mnyoo uliosambaa kwa barua pepe kuanzia Januari 2004, na nyingine ya Sasser, ulioanza kuenea mwishoni mwa Aprili, siku 17 tu baada ya kiraka kinachohusika kutolewa.

Utaratibu huo wa dawa mbalimbali kwa maradhi mbalimbali haukuweza kudumu. Mtumiaji wa kawaida hajui ni mnyoo gani uliomwingilia, basi atachaguaje dawa? Kwa hiyo tarehe 11 Januari 2005, iliyokuwa Jumanne ya pili ya mwezi, programu hizo ziliunganishwa kuwa zana moja, ikapelekwa pamoja na masasisho ya kawaida kwa watumiaji wa Windows 2000, Windows XP na Windows Server 2003. Toleo hilo la kwanza liliweza kuondoa koo nane za programu hasidi: Blaster, Sasser, Mydoom, Doomjuice, Zindos, Gaobot, Berbew na Nachi.

Neno hasidi na kisa cha Nachi

Jina la mwisho katika orodha hiyo linastahili kutazamwa peke yake, maana linaugusa moja kwa moja uteuzi wa neno hasidi.

Katika Kiswahili hasidi ni mtu mwenye husuda, asiyependa kuona mwenziwe akineemeka. Programu haina moyo wa kuhusudu, na kwa sababu hiyo mtu aweza kudai kwamba istilahi ya programu hasidi haifai, na badala yake tuseme programu haribifu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Ziko programu za aina hii zisizoharibu kitu chochote. Huiba maneno ya siri, au hukaa kimya zikimsubiri bwana wake wa mbali aziamrishe, na mwenye mashine asione dalili yoyote kwa miezi mingi. Uharibifu, basi, si sifa inayoziunganisha zote.

Je, nia mbaya ndiyo inayoziunganisha? Nachi ilionekana tarehe 18 Agosti 2003, wiki moja baada ya Blaster. Iliingia kwa mwanya uleule, lakini ilipokwisha kuingia iliifuta Blaster, ikajaribu kukileta kiraka cha Microsoft na kukisakinisha, na ilikuwa imeandikwa ijifute yenyewe mwaka 2004 ukiingia. Ukiitazama kwa juu juu, ilikuwa ni Reaper iliyofufuka: programu njema iliyotumwa kuifukuza mbaya. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kinyume. Katika kutafuta mashine za kuingia, ilituma mitandaoni wingi mkubwa wa maulizo hata mitandao ikalemewa. Shirika la ndege la Air Canada lilivurugikiwa na kazi ya kupokea abiria, na mtandao wa jeshi la majini la Marekani nao ukaathirika.

Microsoft iliihesabu Nachi miongoni mwa vitu vya kuondolewa, nasi hatuna sababu ya kulipinga hilo. Kigezo, basi, hakikuwa uharibifu wala nia ya mwandishi peke yake. Kigezo kilikuwa kuingia katika mashine ya mtu bila ya ridhaa yake. Anayevunja mlango wa jirani ili amfagilie nyumba ni mvunjaji wa mlango. Hapa ndipo tofauti baina ya Nachi na zana ya Januari 2005 inapoonekana wazi, ijapokuwa zote mbili zilikuwa na kazi ya kuifuta Blaster: ya kwanza iliingia kwa mwanya, ya pili ilipita katika njia ya masasisho ambayo mwenye mashine ameikubali na ambayo aweza kuifunga.

Kutokana na hayo, tunaona kwamba neno hasidi linaweza kubaki, kwa sharti kwamba waandishi wa kamusi na walimu walifafanue vema. Maana yake ya kiistilahi isiwe husuda, wala uharibifu tu, bali ni programu iendayo kinyume na maslahi na ridhaa ya mwenye kompyuta. Neno la kawaida likipewa maana ya kitaalamu kwa ufafanuzi ulio wazi, lugha hupata istilahi bila ya kukopa.

Kwa nini zana hurudi

Sasa tuliangalie swali la awali. Kwa nini zana iletwe tena na tena?

Sababu ya kwanza ni ya kinadharia. Fred Cohen, katika kazi yake ya miaka ya 1980, alithibitisha kihisabati kwamba haiwezekani kuandika programu moja itakayotambua virusi vyote vinavyoweza kuwapo, bila ya kukosea hata mara moja. Kwa hiyo kila zana ya namna hii hutegemea, kwa kiasi kikubwa, orodha ya maadui wanaojulikana. Adui mpya akijitokeza, orodha haina budi iongezwe.

Sababu ya pili ni ya kiutendaji. Kila toleo hubeba koo zilizotangulia pamoja na zile mpya, na huchukua mahali pa toleo lililopita. Halilirekebishi, bali hulirithi. Likifika, hufanya ukaguzi wake kimyakimya, huondoa linachokitambua, huandika taarifa ya kazi yake, kisha hunyamaza. Mtumishi anayetaka kujua lililofanyika aweza kulifungua faili liitwalo mrt.log, lililomo katika folda ya debug ndani ya folda ya Windows. Mara nyingi ataona kwamba hakuna kilichopatikana. Kwa hiyo kuja kwa zana si dalili ya ugonjwa, wala si dalili kwamba toleo la kwanza lilishindwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano ulio karibu sana naye. Katika shule nyingi za msingi watoto hupewa dawa ya minyoo kwa vipindi. Dawa hiyo huwaua minyoo waliomo tumboni siku ile. Haimzuii mtoto kuambukizwa tena wiki ijayo akitembea bila viatu au akila kwa mikono michafu. Ndiyo maana hurudiwa, na ndiyo maana hakuna mwalimu anayeiita chanjo. Kinga ya minyoo ni choo, viatu na maji safi. Zana yetu ni ya jamii hiyohiyo: huondoa waliokwisha kuingia na kuanza kazi, na wale tu walio katika orodha yake. Mfano huu una mpaka wake, kwani dawa ya minyoo ni ileile mwaka hadi mwaka, ilhali zana hubadilika kwa kila toleo. Lakini katika jambo la msingi, yaani kwamba tiba ya kurudiwa si kinga, mfano unasimama.

Historia imetupa ushahidi wa gharama ya kuvichanganya viwili hivi. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura, na mwezi uliofuata ukajitokeza mnyoo wa Conficker, uliopita katika mwanya ambao kiraka hicho kilikusudiwa kuuziba. Uwezo wa kuuondoa uliingizwa katika zana mwezi Januari 2009. Lakini Conficker ulikuwa umefundishwa kuzima masasisho ya moja kwa moja na kumzuia mtumiaji asizifikie anwani za kampuni za usalama wa kompyuta. Maana yake ni kwamba mashine zilizoihitaji dawa ndizo ambazo dawa haikuweza kuzifikia kwa njia ya kawaida. Ilibidi ichukuliwe katika kompyuta nyingine na kubebwa kwa mkono. Aliyekuwa na kiraka tangu Oktoba aliuziba mwanya ule mapema. Aliyeitegemea zana peke yake alichelewa.

Istilahi zinazofaa

Kutokana na historia hii, tunapendekeza dhana zitenganishwe kama ifuatavyo.

Kwanza, kiraka litumike kwa marekebisho yanayoziba mwanya katika programu iliyokwisha kutolewa. Ni neno la fundi cherehani, na picha yake ni sahihi kabisa: tundu limeonekana, kipande kimeshonwa juu yake.

Pili, sasisho libaki kuwa jina la jumla la kila kiletwacho ili kuifanya mashine iende na wakati. Neno hili limeundwa kutokana na sasa, kwa kupitia kitenzi sasisha, na limeenea katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Katika ofisi za Tanzania husikika pia kuhuisha, hasa kwa taarifa na kumbukumbu. Si lazima moja liliue jingine: taarifa yaweza kuhuishwa na programu ikasasishwa. Lililo muhimu ni kwamba sasisho ni kapu, na ndani ya kapu mna viraka, mna orodha mpya za maadui, na mna matoleo mapya ya zana.

Tatu, toleo litumike kwa zana yenyewe kila inaporudi, kama tusemavyo toleo la gazeti. Hakuna asomaye toleo la pili la gazeti akadhani kwamba la kwanza lilikuwa na kosa.

Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, maneno kinga na chanjo yasitumike kabisa kwa zana hii. Yahifadhiwe kwa programu zinazokaa macho wakati wote na kumzuia adui mlangoni. Jina linaloeleza kazi ni zana ya kuondoa programu hasidi, na mfasiri asilifupishe kuwa kinga kwa ajili tu ya kuokoa nafasi katika ukurasa. Waraka wa ofisi unaosema kwamba kompyuta zote zimewekewa kinga, ilhali zilichowekewa ni kiondoaji, umewadanganya watumishi bila ya kukusudia, na watumishi hao watafungua viambatisho vya barua wasizozijua kwa moyo mkunjufu.

Hitimisho

Tangu Creeper na Reaper katika mtandao wa ARPANET, hadi Blaster na Nachi mwaka 2003, na hadi Conficker mwaka 2008, jambo moja limejirudia: anayeingia hutangulia, na anayeondoa hufuata nyuma. Zana inayorudi kwa vipindi ni ungamo la ukweli huo. Inarudi kwa sababu maadui wapya hawakomi kuzaliwa, na kwa sababu kazi yake ni kusafisha, si kulinda.

Mwalimu anayefundisha somo la kompyuta, mfasiri anayeandaa miongozo, na mtumishi anayeandika waraka kwa idara yake, wote wana wajibu mmoja katika jambo hili. Wao hawawezi kuiziba mianya ya Windows, lakini wanaweza kuuziba mwanya ulio katika maneno. Mtu anayejua kwamba alichonacho ni dawa ya minyoo ataendelea kuvaa viatu. Anayeambiwa kwamba amechanjwa huenda akavivua.